Siku Tuliyomfungua Ng'ombe wa Kanisa

Nimestaafu mwezi uliopita, na bado naamka alfajiri kabla ya adhana kama mtu aliyeitwa. Mama watoto ananiuliza, "Sasa unaenda kukagua nini, neti ya mbu?" Nakaa ukingoni mwa kitanda, gumbuti ziko mlangoni, hazina pa kwenda. Vijana wa machinjioni waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, na kwa kuwa sasa nina muda hata wa kuuza, naandika.

Mimi ni mkaguzi wa nyama. Maisha yangu yote ya kazi nimefungua wanyama waliochinjwa, nikatazama ndani, nikaamua kama watu wale au wasile. Vyeo vilikuja vichache na vilichelewa, hayo tuyaache. Siku ya kuniaga kila aliyeshika kipaza sauti alisema mimi ni mwaminifu. Nusu yao waliwahi kuninunia kwa sababu ya uaminifu huo huo, lakini soda zilikuwa baridi, basi nikanyamaza.

Nilifika Garissa nikitoka kwetu Mwingi, kijana wa Kikamba niliyelelewa kanisani, na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi hadi mikunjo ikasimama yenyewe. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Juu ya ukuta wa machinjio walijipanga korongo wakubwa wenye vipara, wametulia kama wazee wa baraza wanaosubiri posho. Aliyenipokea alikuwa Mzee Dakane, mkuu wa wachinjaji, mtu mrefu mkavu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Koti safi," akasema. "Sasa tutaona mtu."

Chuoni tulifundishwa kwamba kisu butu ni adui wa mkaguzi. Basi asubuhi ile ile nikachomoa chuma changu cha kunolea, nikasimama kando ya zizi nikaanza kunoa kwa madaha, ng'ombe wananitazama. Mzee Dakane akanishika kiwiko akanitoa nje taratibu, kama unavyomtoa mlevi harusini.

"Waryaa, wewe nanoa kisu mbele ya mnyama?"

"Kwani kuna nini, mzee? Si atachinjwa tu?"

"Atachinjwa. Lakini kwanza natesa yeye na macho? Hapana. Enda nyuma ya ukuta."

Nilienda nyuma ya ukuta, na mpaka nastaafu ndiko nilikonolea. Kwao ni amri ya dini: mnyama haonyeshwi kisu, na hachinjwi mbele ya mwenzake. Wageni wengi hudhani machinjio ni mahali pa ukatili. Waje waone mzee anavyomgeuza mbuzi kuelekea kibla, mkono mmoja shingoni, akimsemesha polepole kwa Kisomali. Mimi nimeona madaktari wa meno wasio na upole huo.

Jambo la pili nililojifunza kwake lilinichukua muda kulielewa. Siku moja mfanyabiashara wa ngamia alimtukana Mzee Dakane mbele ya watu, matusi ya kutaja hadi wazazi. Ngamia alikuwa tayari ameketishwa, kamba zimeshikwa. Mzee akakiweka kisu chake juu ya jiwe. Akaenda bombani, akanawa uso na mikono, akakaa kwenye benchi, akafumba macho. Mfanyabiashara akapiga kelele kwamba jua linapanda. Tulingoja hadi pumzi za mzee ziliporudi mahali pake, ndipo akasimama, akasema Bismillahi, akafanya kazi yake.

Baadaye nikamuuliza, "Mzee, mchinjaji akiwa na hasira nyama inaharibika?"

Akacheka kidogo. "Nyama hapana. Mimi."

Sasa nisikilizeni. Jambo hilo mimi nililijua tangu Sunday school. Nililelewa nikiambiwa kwamba Bwana hutazama moyo, na kwamba anayeosha kikombe nje tu amejisumbua bure. Nimeliimba hilo, nimelipigia makofi, nimelisemea "Amina" mara nisizoweza kuhesabu. Lakini sikuwahi kumwona mtu akiweka kisu chini kwa ajili yake mpaka nilipokuja Garissa, na aliyenionyesha alikuwa Mwislamu. Siku ile niliona haya, halafu nikashukuru.

Baadaye nilipelekwa Griftu, huko Wajir Magharibi, ambako soko la mifugo huanza kwa vumbi na kuisha kwa vumbi. Griftu ndiko nilikojifunza kwamba macho ni waongo. Nilikuwa nikimtazama fahali kwenye mnada, manyoya yanateleza, nundu imelala upande kwa mafuta, najiambia huyu ni mzima wa chuma. Tukimfungua, ini limejaa vifuko vya maji. Siku hiyo hiyo anakuja mbuzi kikongwe, mbavu nje, anakohoa kama babu wa miraa. Ukimfungua, ndani safi kabisa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi, vijana, ninyi mfungueni kila mnyama kwa utaratibu uleule. Anzeni kichwani: mashavu, ulimi, matezi. Halafu mapafu, moyo, ini, bandama, figo. Visu viwe viwili, kimoja mkononi na kimoja kwenye maji ya moto, na msikate nyama safi kwa kisu kilichopita kwenye usaha. Mkianza kuruka hatua kwa sababu mwenye mnyama ni mtu mzuri, rudini nyumbani mkalale.

Niliporudi Garissa nilikuwa nimeoa, na tukawa washiriki wa kanisa dogo karibu na barabara. Mnalijua lilivyo: ukuta mrefu, lango la chuma, na askari anayekupitishia kile kifimbo chake cha kutafutia silaha mwili mzima kabla hujaingia kuomba. Majirani walituona tukiingia na kutoka, basi. Hakuna aliyejua tunasema nini humo ndani. Mimi machinjioni sikuhubiri hata siku moja. Nani angenisikiliza, na damu iko hadi kwenye kifundo cha mguu? Lakini polepole niligundua kwamba kwa watu wengi wa pale, mimi ndiye kanisa lenyewe. Nikichelewa, Wakristo wamechelewa. Nikimkaripia mfanyakazi, Wakristo wana mdomo mchafu. Lo! Ni mzigo huo. Kuna siku nilitamani wangenipitishia kifimbo moyoni kabla sijafika kazini.

Jambo hilo lilinifikia hasa kupitia kwa Habiba. Alikuwa mjane, ana kibanda cha nyama kule bula yetu, yaani mtaani kwetu, anasomesha watoto kwa kibanda hicho. Asubuhi moja alileta ng'ombe wake mmoja, na nilipokata mashavu nikakuta mabuu ya tegu, yale malengelenge meupe ya ukubwa wa punje ya mchele. Nikakata ulimi, yapo. Moyo, yapo. Begani, yapo. Yakiwa machache, nyama hugandishwa kwenye barafu siku kadhaa na mabuu hufa. Yakienea hivyo, sheria ni moja: mnyama mzima anatupwa. Nilimwambia. Alikaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji, akajifunika uso kwa shuka lake.

"Daktari," akasema hatimaye, maana kule kila mwenye koti jeupe ni daktari, "kama ingekuwa ng'ombe ya kanisa yako, ungetupa?"

"Ningemtupa, dada."

"Haye," akasema. "Mungu anasikia."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa na hakika na kisu changu. Na moyo wangu je? Ni rahisi kuwa mwadilifu kwa ng'ombe wa mjane.

Miaka ikapita, kanisa likajenga ukumbi. Mchungaji wetu, mtu mpole asiyependa makuu, akasema jambo ambalo halikuwahi kusemwa: siku ya kuufungua, tuwaalike majirani. Wenye maduka, walimu, chifu, wachinjaji, kila mtu. Waingie waone tunavyokaa, wale nasi. Kanisa zima likatazamana, halafu kama ilivyo kawaida yetu, likaanza kuzungumzia chakula.

Aliyesimama kwanza alikuwa Ezekieli. Alikuwa mzee wa kanisa, dereva wa gari la serikali, na rafiki yangu kuliko ndugu wa tumbo moja. Shati lake lilikuwa jeupe siku zote, hata msimu wa vumbi, sijui alilifanyaje. Sala zake zilikuwa ndefu hivi kwamba akina mama walizipangia uji wa watoto. Lakini msimcheke. Mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa pili, na barabara imekatwa na maji, Ezekieli ndiye aliyemzungusha porini kwa gari la serikali, bila kibali, kwa njia anayoijua yeye hadi hospitalini. Mtoto huyo sasa ana ndevu. Basi Ezekieli akasema, "Ng'ombe niachieni mimi."

Akaenda Bura kwa wafugaji anaowafahamu, akarudi na fahali mwekundu ambaye hata mimi nilipomwona nilisema wacha we! Watoto wa Sunday school walipelekwa kumtazama, wakampa jina Baraka. Ikakubaliwa atachinjwa machinjioni kwa mkono wa Mzee Dakane, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Ezekieli alipita akiwaambia watu, "Mtakula nyama ya kanisa mpaka mseme ahsante." Alikuwa na furaha kweli, kama bwana harusi.

Alfajiri ya sherehe alifika kabla yangu, amepaki pikapu yenye sufuria zilizosuguliwa hadi unajiona ndani yake. Sherehe ilikuwa adhuhuri. Mzee Dakane akachinja, vijana wakachuna, kichwa kikaletwa kwenye ndoano. Nikakata shavu la kulia.

Yalikuwepo.

Nilikata la kushoto nikiomba kwa sauti, bila aibu. Yalikuwepo. Ulimi, yalikuwepo. Nikafungua moyo wa yule fahali. Kila nilipokata, yale malengelenge meupe yalikuwa yamelala humo, na nje mnyama alikuwa amenona, ngozi inang'aa. Huwezi kumlaumu Ezekieli wala wafugaji wa Bura. Ugonjwa huu hauonekani kwa nje. Wachinjaji waliacha kazi zao mmoja mmoja. Walikuwa wananitazama mimi, hawamtazami ng'ombe.

Halima, mkaguzi mwenzangu, akanisogelea. Ni binti wa Garissa, mwerevu, na ninyi mnamjua kwa kuwa sasa ndiye bosi wenu. Akaninong'oneza, "Kaka Mutisya, niachie mimi. Nenda nyumbani ukavae suti. Nitamtupa mimi, na utasema hukuwepo."

Alinionea huruma, na nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nililiona pendekezo lake kama mlango uliofunguliwa na malaika. Ningenawa mikono niende. Nyama mbaya isingeliwa, sheria ingefuatwa, na Ezekieli angebaki rafiki yangu. Mtu akinitazama kwa nje asingeona doa. Ila adhuhuri, pale ukumbini, watu wangu wangenong'ona kwamba binti Mwislamu amelitupa dume la kanisa, na mimi ningekaa pale nimevaa suti, nimenyamaza. Nilimtazama Halima nikaona anachojitolea kubeba.

"Ahsante, dada," nikamwambia. "Huyu ni wangu."

Nikatoka nje nikamwambia Ezekieli. Alidhani natania. Alipoona sitanii akanivuta kando ya pikapu.

"Ndugu, ikichemshwa sana si hao wadudu wanakufa?"

"Wanakufa."

"Basi tuwape akina mama maagizo, ichemke tangu sasa mpaka saa sita. Nani atajua?"

"Eze, wachinjaji wote wameona."

"Hao tutawanyamazisha kwa minofu."

"Na Habiba je? Nilimtupia ng'ombe wake kwa ugonjwa huu huu. Leo nimwambie nini?"

Aligeuka akazitazama sufuria zake. Halafu akasema kwa sauti ya chini iliyonichoma kuliko kelele, "Nimewahi kukuomba kitu, Mutisya? Siku ile ya mafuriko nilikuuliza sheria inasemaje? Wageni wanakuja. Chifu anakuja. Tuwape maharagwe? Watatucheka mpaka Kiyama. Leo naomba mimi, mara moja tu."

Nilimwambia siwezi. Ndipo akasema lile neno. "Sema ukweli wako. Unapenda sifa za hawa wachinjaji kuliko ndugu zako kanisani."

Damu ilinipanda kichwani. Nikaingia ndani nikashika mtungi wa rangi, ile rangi ya kumwagia nyama iliyotupwa ili mtu asije akaifukua na kuiuza. Nilitaka kummwagia Baraka rangi kutoka pembe hadi mkia, Ezekieli akiwa anatazama, na moyoni nilikuwa nikimwagia shati lake jeupe. Mnaona? Nilikuwa upande wa haki, kitabu cha sheria kikiwa nyuma yangu, na ndani nilikuwa nanuka kuliko shimo la taka.

Mzee Dakane alikuwa amesimama karibu na ukuta akifuta kisu chake. Alinitazama, akatazama mtungi. Nikauweka chini. Nikaenda bombani nikafungua maji, nikanawa uso, na mikono hadi viwiko, nikakaa kwenye benchi lile lile la mzee. Nikasema, Bwana, mkono uko sawa, moyo ndio umeoza. Nitupie hiki kilichomo kabla sijamgusa mtu. Sikusikia sauti yoyote ila ya korongo. Lakini nilikaa pale mpaka niliweza kumfikiria Ezekieli nikamwona akiwa kwenye usukani, maji yanapiga milango, anamwambia mke wangu, "Mama, vumilia, tumekaribia." Nilipomwona hivyo, nikasimama.

Nikaenda nikamshika mkono. "Eze, njoo uone. Usiniamini mimi, amini macho yako."

Hakutaka, akaja. Nilikata msuli wa bega mbele yake, taratibu, nikamwonyesha kwa ncha ya kisu. Nikakata pengine, nikamwonyesha. Aliinama akatazama muda mrefu. Nikamwambia, "Hili si kosa lako. Ulileta kilicho bora ulichokiona. Lakini tuliwaita watu hawa waje waone tulivyo ndani."

Alitoka, akawasha pikapu, akaondoka, sufuria tupu zinagongana nyuma hadi barabarani. Nilimmwagia fahali rangi kwa mkono uliotulia, nikasimamia mpaka shimo lilipofunikwa. Nililia kidogo, rangi ile huchoma macho, na si rangi peke yake.

Vijana, mtaambiwa kazi hii ni ya kisu na muhuri. Ni kweli, na muhuri mkautunze, msimwachie mtu hata akiwa shemeji. Lakini kuna siku utafanya uamuzi sahihi kwa moyo mchafu, na watu watakusifu, na wewe utajua. Siku hiyo weka mtungi chini kwanza. Nyama inaweza kungoja dakika chache. Mimi ni Mkristo, nasema kwa lugha ya kwetu kwamba Mungu ndiye hutusafisha ndani, na mwenendo hufuata. Wenzangu Waislamu wana lugha yao. Bomba la maji ni moja.

Adhuhuri sikutaka kwenda. Mama watoto akanitupia suti kitandani akasema, "Umekagua ng'ombe, sasa kakaguliwe wewe." Tukaenda. Mikeka ilikuwa imetandikwa ukumbini, na wageni walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Chifu alikuja. Habiba alikuja na jirani zake, wakakaa karibu na mlango. Wachinjaji walikuja wameoga, kanzu nyeupe, hata sikuwatambua mara moja. Akina mama wetu walileta masinia: wali, maharagwe, kabichi na chapati. Wageni wakatazama, kwa adabu, wakangoja kile kingine. Harufu ya nyama haikuwepo.

Mchungaji akamwita Ezekieli aombee chakula. Alisimama kule mbele, shati jeupe kama kawaida. Nilijua atakavyofanya, maana ningefanya hivyo mimi: ataomba sala ndefu, atashukuru kwa vyote, na watu watakula bila kuuliza. Akafumba macho. Halafu akayafumbua.

"Wageni wetu," akasema, "tuliwaahidi nyama. Ng'ombe alikuwepo, na alipendeza macho. Ndani alikuwa mgonjwa. Ndugu yangu Mutisya alimtupa leo alfajiri." Akameza mate. "Mimi nilimwomba ampitishe. Nilijua ninachoomba. Nilikuwa tayari kuwalisha ninyi, na watoto wenu, nyama ya kutupwa, ili mimi nisiaibike. Halafu nikamtukana aliyenikataza. Sasa mkiombewa na mimi, mjue mnaombewa na nani. Naomba mnisamehe."

Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitaka kusimama nimkimbilie, nikabaki nimekaa. Ezekieli akabaki pale mbele mikono imening'inia, hajui arudi wapi.

Mzee Dakane akakohoa. Alikuwa amekaa na wachinjaji wawili mbele ya sinia moja.

"Wewe, Esekieli," akaita. "Njoo hapa."

Ezekieli akaja, polepole, watu wakikunja miguu kumpisha.

"Sinia hii ni ya watu wanne," mzee akasema. "Sisi ni watatu. Vua fiatu, kaa chini."

"Mzee, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Ndio maana naita wewe. Kaa, wali nakuwa baridi."

Ezekieli akavua viatu. Kijana akapita na birika, akamnawisha mikono. Mzee Dakane akasema Bismillahi, Ezekieli akasema Amina, wakatia mikono kwenye sinia pamoja, na ukumbi mzima ukaanza kula. Nilipoweza kuwatazama tena, machozi ya Ezekieli yalikuwa yakidondoka kwenye mkeka, na mzee alikuwa akimsogezea upande wake maharagwe yote.